Waliomsikia Kolby

Kaka yangu Wendell alilazwa kifudifudi kwenye kokoto za kando ya reli, saa nane mchana, siku ya Jumanne, na polisi watano, kwa kosa la kubeba kiti.

Ni kiti cha kukunja, vile wanavyokalia wazazi wakienda kutazama watoto wakicheza mpira. Ukikikunja kinaingia kwenye mfuko mrefu mweusi wenye mkanda wa begani. Wendell amekibeba hivyo miaka kumi na moja hadi kwenye kivuko cha reli hapa Ashby Fork. Anakaa, anahesabu mabehewa ya makaa ya mawe, anaandika idadi kwenye daftari, anarudi nyumbani. Mji mzima unajua. Hata yule polisi aliyemkandamiza goti mgongoni anajua. Dada yake ndiye aliyenisimamia harusi.

Simu ilinikuta kazini, kwenye kaunta ya nyama ya supamaketi ya Fenner, nikiwa na glavu mkononi na mteja mbele yangu. Ilikuwa wiki ya pili tangu duka lifunguliwe tena. Walikuwa wamebadilisha vigae vya sakafu kuanzia mlangoni hadi rafu za mikate, na vile vipya havikulingana rangi na vya zamani, kwa hiyo kila aliyeingia aliona wazi watu walianguka wapi. Watu tisa, mwezi Machi, waliopigwa risasi na Kolby Strand kwa dakika nne. Saba kati yao walikuwa Waguatemala wa kiwanda cha kuku. Mmoja wa hao saba alikuwa Itzel Barrios, aliyesimama kushoto kwangu kwenye kaunta ile kwa miaka minne. Mimi nilikuwa ndani ya chumba cha barafu nimefuata nyama. Ndiyo sababu niko hai, hakuna sababu nyingine.

Nilimwacha mteja pale pale na ratili yake ya soseji.

Hospitalini nilimkuta Wendell amekaa kitandani, mkono wa kulia umefungwa plasta, shavu limechunika lote. Ana miaka hamsini na sita. Alinitazama kama mtu aliyekosea.

"Loretta," akasema, "nilikuwa nimefika sitini na mbili. Sasa sitajua yalikuwa mangapi."

Afisa kijana alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

"Dada Loretta, tulipigiwa simu," akasema. "Tukaambiwa kuna mwendawazimu ana bunduki anaelekea relini."

"Nani kapiga?"

"Hilo haturuhusiwi kusema."

"Na mlipofika mkaona ni Wendell? Wendell huyu huyu aliyekuokotea baiskeli yako ukiwa mdogo?"

"Siku hizi hatuwezi kubahatisha, dada."

"Mbona kwa Kolby mlibahatisha?"

Akainamisha kichwa, akaigeuza kofia yake mikononi. Nilitamani kumpiga nayo.

Niseme jambo moja kuhusu Wendell, maana mji wetu umelisema vibaya vya kutosha. Ana skizofrenia tangu alipokuwa na miaka ishirini na mbili. Sauti anazisikia, ndiyo, na zamani zilimtesa sana. Lakini kila mwezi anachomwa sindano, na hajawahi kumnyanyulia mtu mkono, hata siku zile mbaya. Aliyeumia siku zile ni yeye. Tulikuwa na kliniki yetu hapa hapa, nyuma ya posta. Miaka miwili iliyopita wakaifunga, wakasema bajeti haitoshi, na mbunge wetu wa jimbo, Bwana Rusk, alikuwa miongoni mwa walionyoosha mkono. Tangu hapo kila mwezi naomba ruhusa kazini, namwendesha Wendell maili sabini kwenda na sabini kurudi, kwa sindano ya dakika moja.

Halafu Machi ikaja, na Bwana Rusk huyo huyo akasimama mbele ya kamera kwenye maegesho ya duka letu, damu haijakauka, akasema tatizo si bunduki, tatizo ni vichaa wanaozurura mitaani. Akasema ataleta mswada wa kuandikisha kila mgonjwa wa akili jimboni, polisi wawe na majina yote. Watu wakapiga makofi.

Na Kolby Strand si mgonjwa! Madaktari wa mahakama walimpima mara mbili, wakaandika kwamba ana akili timamu na alijua alichokuwa akifanya. Alikuwa fundi wa matairi, miaka ishirini na saba, hakuwa na hata kosa la kuegesha gari vibaya. Bunduki yake ya kivita aliinunua dukani kihalali, akajaza fomu, wakakagua rekodi yake, jibu likarudi kabla hajamaliza soda yake. Na aliacha kurasa kumi na moja, zimepangwa vizuri, kila aya na namba yake, akieleza ni watu wa aina gani wanaotakiwa kuondolewa katika nchi hii na kwa nini. Hizo si sauti za kichwani. Sauti za kichwani mimi nazijua, nimeishi nazo nyumba moja.

Lakini aliyelazwa kwenye kokoto ni Wendell. Na jioni ile ile meneja wa duka akanipigia. Wendell amekusanya matoroli ya wateja pale maegeshoni miaka kumi na minne, jua na theluji.

"Loretta, mwambie apumzike kwanza," akasema. "Wateja wana wasiwasi."

"Apumzike hadi lini?"

"Kwanza tu. Hadi hali itulie."

Nilikata simu. Nikaenda nyumbani.

*

Mume wangu, Gene, alikuwa jikoni anakaanga kabichi na tambi. Gene ni dereva wa magari ya kaunti yanayosukuma theluji. Ni mtu mpole na mchapakazi, na tumeoana miaka ishirini na tisa. Nilimweleza yote nikiwa bado nimevaa koti. Nikamwambia kwamba nikimjua aliyepiga simu ile, nitaenda kwake kwa miguu yangu nimvunje mkono wa kulia kama alivyovunjwa Wendell.

Gene aliendelea kugeuza kabichi. Aliigeuza mno.

"Ni Merle," akasema.

"Merle gani?"

"Merle Dacy. Ameniambia mwenyewe, mchana. Hakujua kama ni shemeji. Aliona mtu kwa mbali ana mfuko mrefu. Alikuwa anachukua tahadhari tu, Loretta. Mtu yeyote angefanya hivyo."

Merle Dacy ni katibu wa klabu ya wawindaji. Gene ni mwanachama tangu kabla hatujaoana. Mimi sina ugomvi na uwindaji. Friza yetu imejaa nyama ya paa, na Gene ana bunduki tatu kwenye kabati la chuma, amezifunga, na ufunguo ulipo tunajua yeye na mimi tu. Lakini Kolby naye alikuwa mwanachama wa klabu ile.

"Tahadhari," nikasema. "Merle anachukua tahadhari. Na kwa Kolby alichukua tahadhari gani?"

Gene akazima jiko.

"Gene?"

Akapangusa mwiko kwa kitambaa.

"Gene, nakuuliza wewe. Mlikuwa naye kila Jumamosi. Alikuwa anasema nini?"

"Alikuwa anaropoka tu, mke wangu. Vijana wanaropoka. Mambo ya kwenye simu."

"Anaropoka nini?"

Akavuta kiti, akakaa. Nikabaki nimesimama. Akaanza kusema akiitazama meza. Kwamba Kolby alikuwa akisema hayo kwa miaka miwili. Kwamba aliwaita Waguatemala panya. Kwamba Merle alikuwa akimpa vitabu, akimpigapiga bega, akimwambia angalau kuna kijana mmoja anayeona. Kwamba Januari, wakinywa bia baada ya kulenga shabaha, Kolby alisema siku moja atalifagia lile duka la Fenner Ijumaa jioni, wakati kiwanda kimelipa mishahara na wao wamejaa mle.

"Alilitaja duka?"

"Alilitaja."

"Alitaja Ijumaa?"

Gene akafunika uso.

"Mkasemaje?"

"Tulicheka, Loretta. Si wote. Wengine walicheka. Mimi nilisema, 'Acha ujinga, Kolby.' Basi. Nikarudi nyumbani."

"Mimi nafanya kazi mle ndani, Gene! Ijumaa jioni nakuwa mle ndani!"

"Nilidhani ni maneno tu."

"Wendell ana kiti, mnaita polisi. Kolby ana bunduki na siku kaitaja, mnacheka!"

Nilichukua kikaango chenye kabichi nikakimwaga chote kwenye sinki. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Ilibidi kitu fulani kimwagwe. Gene hakuinuka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba baada ya tukio alitaka kwenda kwa wapelelezi, Merle akamwambia, wewe Gene, ukienda watafunga klabu, watachukua bunduki zetu zote, ndicho wanachokitafuta, na waliokufa hawatafufuka. Gene akanyamaza. Wiki sita alilala kitanda kimoja nami, akinifuta machozi ya Itzel, akiwa anajua.

*

Siku ya pili baada ya kazi nilikwenda Mtaa wa Kinu kwa Rigoberto, mume wa Itzel. Nilijiambia nakwenda kumpa ukweli, kwa kuwa ni haki yake. Nadhani pia nilitaka aone kwamba mimi si kama wao.

Alinifungulia akiwa na viatu vya kiwandani. Alinikaribisha, akaniwekea kahawa, akakaa ng'ambo ya meza. Ni mtu mfupi, mpana mabegani, mikono yake imejaa makovu ya visu vya kuku. Nilimwambia kila kitu, klabu, Merle, Januari, mume wangu. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Bi Loretta," akasema nilipomaliza, "unadhani umeniletea habari?"

"Ulijua?"

"Ya klabu sikuyajua. Ya Kolby nilijua. Itzel alikuwa akiniambia kila Kolby alipokuja kwenye kaunta yenu. Siku moja Kolby alimuuliza, nyinyi nyama ya mbwa mnaikaanga au mnaichemsha? Unakumbuka siku hiyo?"

Nilikumbuka.

"Itzel alisema wewe ulikuwa karibu naye. Akasema ulicheka."

"Sikucheka kwa... Nilicheka kwa sababu sikujua la kufanya, Rigoberto. Alikuwa mteja."

"Najua. Itzel naye alikutetea hivyo hivyo. Alisema, Loretta si mbaya, Loretta ana woga." Akasogeza kikombe chake. "Siku ya tatu baada ya hapo Itzel alikwenda kwa meneja. Meneja akaandika malalamiko yake kwenye karatasi. Nimeuliza hiyo karatasi iko wapi, wanasema hawaioni."

Kahawa ilikuwa ya moto nikainywa hivyo hivyo.

"Kesho Alhamisi kuna kikao cha mbunge," nikasema mwishowe. "Cha kusikiliza maoni. Njoo useme haya."

Akacheka, kicheko kikavu.

"Nilishasema mara mbili, kwenye redio na kwa gazeti. Wananipa pole, wanasema nazungumza vizuri. Mimi nikisema, wanasikia lafudhi. Maneno hawayasikii. Sema wewe. Wale ni watu wako. Au utacheka tena?"

Alinisindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote. Hasira niliyotoka nayo mle ilikuwa kubwa kuliko niliyoingia nayo, na sehemu yake kubwa ilikuwa yangu mwenyewe.

*

Kikao kilifanyika saa kumi na mbili jioni kwenye ukumbi wa zimamoto, pale pale tunapokula samaki Ijumaa za Kwaresima. Watu walijaa hadi wengine wakasimama kati ya magari ya zimamoto. Bwana Rusk alikaa mbele na wasaidizi wawili na jagi la maji. Kila msemaji alipewa dakika mbili. Mezani kulikuwa na miswada miwili: ule wake wa kuandikisha wagonjwa, na wa mbunge wa mjini wa kumruhusu hakimu kumnyang'anya mtu bunduki kwa muda, ndugu au polisi wakileta ushahidi kwamba ana nia ya kuua.

Gene alikuja. Sikumwomba. Tulikuwa hatujasemezana tangu Jumanne. Alikaa kando yangu, mikono katikati ya magoti.

Wa kwanza alikuwa Arlene Toth, mjane wa miaka sabini na mitatu anayeishi juu kabisa kwenye barabara ya msitu.

"Mimi nikipiga simu polisi, wanafika baada ya dakika arobaini," akasema. "Mwaka juzi mtu alivunja mlango wangu wa nyuma. Nilimwonyesha bunduki ya marehemu, akakimbia hadi akaacha kiatu. Mkininyang'anya, nani atakuja? Wewe Rusk utakuja?"

Watu wakacheka na kumshangilia. Nami nilipiga makofi, kwa sababu alisema kweli. Arlene hajawahi kumtisha mtu asiyemvunjia mlango.

Wakasema wengine. Mwalimu mmoja alisema watoto wake wa darasa la pili wamejifunza kujificha kabatini kabla hawajajua kuzidisha. Mtu wa duka la bunduki akasema aliuza kwa sheria, kama kuna ubaya uko kwenye sheria. Sauti zikaanza kupanda. "Mnataka kutufanya watumwa!" "Nenda kawaambie hivyo wale tisa!" "Bunduki haitoki yenyewe kabatini!" "Kabati lako lenyewe halina kufuli, Ed, tunakujua!"

Halafu akasimama Merle Dacy. Mrefu, nadhifu, ndevu zimechongwa. Ana sauti nzuri, husoma Maandiko kanisani.

"Ndugu zangu," akasema, "tusidanganyane. Shetani hukaa katika akili iliyovunjika. Juzi tu hapa mjini, mtu mgonjwa alikuwa anatembea na kitu kirefu begani, watoto wakiwa wanatoka shule. Safari hii tulikuwa na bahati, kilikuwa kiti. Je, safari ijayo? Tuwe na hayo majina. Ndiyo upendo wa kweli kwa jirani."

Wakampigia makofi. Kaka yangu alikuwa nyumbani kwangu wakati ule, amefunga mapazia, anaogopa hata gari la taka.

Nilisimama. Sikusubiri zamu. Nilikwenda hadi kwenye kipaza sauti, na Merle akanipisha akitabasamu, kama anayempisha mama kanisani.

"Mimi ni Loretta Hruska," nikasema. "Mnanijua wote, nawakatia nyama. Huyo mwenye kiti ni kaka yangu. Mkono wake umevunjika mahali pawili. Bwana Rusk, unataka jina lake? Andika. Wendell Pruitt. Umeandika? Sasa andika na tarehe uliyoifunga kliniki yake."

"Mama, tuheshimiane," akasema Rusk.

"Sijamaliza dakika zangu mbili. Nyote mnaongea kuhusu akili. Kolby ana akili kuliko nusu ya ukumbi huu. Alipanga, alihesabu, aliandika kurasa kumi na moja. Aliyoyaandika hakuyaota. Alifundishwa, na aliyasema mbele ya watu miaka miwili. Kwenye klabu ya wawindaji aliyasema. Januari alitaja duka la Fenner, akataja Ijumaa jioni. Kuna watu wasiopungua kumi humu ndani walimsikia. Wapo. Nawaona. Wengine walicheka."

Injini ya friji ya soda ilisikika ikinguruma.

"Na mimi nilicheka," nikasema. "Si kule. Kwenye kaunta. Alimtukana Itzel Barrios mbele yangu, nami nikacheka kwa woga, Itzel hakucheka. Hiyo nitakufa nayo. Kwa hiyo mimi nimesema yangu. Sasa nyinyi mliomsikia Kolby, simameni. Hamtafungwa kwa kusimama tu. Simameni, mbunge awaone, aandike majina hayo kwenye daftari lake!"

Hakuna aliyesimama.

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa hadi naona upara wake. Nilihesabu moyoni hadi kumi. Hakusimama.

"Zima hicho kipaza sauti," akasema mtu.

"Mwacheni aseme!"

Merle, akiwa bado pembeni, akasema kwa sauti ya kusikika, "Ugonjwa uko kwenye damu ya familia, naona." Baadhi wakacheka. Ndiyo, walicheka tena, mwezi wa pili tangu tuzike watu.

Nilimwendea. Sijui ningefanya nini. Arlene Toth alitangulia. Alisimama kwa fimbo yake akamnyooshea kidole.

"Merle Dacy, funga domo lako. Mimi nina bunduki mbili na nitazikwa nazo, na sitaki hakimu yeyote nyumbani kwangu. Lakini kama ulisikia mtu akitaja duka na siku, ukanyamaza, halafu ukampigia polisi Wendell na kiti chake, basi wewe ni mbwa."

Hapo ndipo ukumbi ulipolipuka. Viti vilianguka. Bwana Rusk alikusanya karatasi zake akasema muda umekwisha, anashukuru kwa mazungumzo yenye manufaa, akatoka kwa mlango wa nyuma.

*

Kwenye pikapu Gene aliendesha taratibu.

"Umenivua nguo mbele za watu," akasema.

"Sikukutaja. Nilikusubiri usimame."

"Ningesimamaje, Loretta? Wale ni rafiki zangu wa maisha yote."

"Na mimi ni nani?"

Alinishusha mlangoni, akaendelea na safari. Alikwenda kukaa kwenye kibanda cha uwindaji cha babake, siku nne. Sikumpigia. Nilikula na Wendell, tukitazama mashindano ya upishi kwenye televisheni, na Wendell kila mara akiuliza, "Shemeji amekasirika na mimi?" Nilimwambia hapana. Mara ya sita nilimjibu kwa ukali, akanyamaza, nikajichukia.

Ijumaa ile nilikwenda kazini, nikavua aproni, nikaiweka juu ya mashine ya kukata nyama. Nilimwambia meneja sitakata hata kipande kimoja hadi Wendell arudishwe kazini na ile karatasi ya Itzel ipatikane. Alidhani natania. Wenzangu watatu wa kaunta wakavua za kwao. Wikiendi ya shamrashamra za mahafali, watu wote wanataka sahani za nyama, na kaunta haina mtu. Saa sita mchana Wendell alikuwa na kazi yake tena. Karatasi haikupatikana hadi leo, nami nilirudi kukata nyama bila hiyo.

Lakini Wendell alikwenda siku moja tu. Walikuwa wameajiri mlinzi mwenye bastola mlangoni, na mlinzi yule alimfuata kutoka toroli hadi toroli kama kivuli. Jioni Wendell akaniambia, "Dada, asante, ila sitaki tena pale." Sikumlazimisha. Relini haendi bila mimi.

Gene alirudi Jumatatu mchana, amenyolewa ndevu, amevaa koti lake la mazishi. Alisimama mlangoni pa jikoni kama mgeni.

"Nimetoka kwa wapelelezi," akasema. "Nimewaambia yote. Nimetaja majina tisa. La kumi langu."

"Wamesemaje?"

"Waliandika. Waliniuliza kwa nini sikuja Januari."

"Ukasema?"

"Nikasema sijui."

Nilimwambia akae, nikampa chakula. Sikumwambia umefanya vizuri. Kulikuwa na watu tisa kaburini waliotaka maneno yale mwezi Januari, na mimi sikuona kwa nini nimshukuru mtu kwa kuyaleta Mei. Tunaishi nyumba moja hadi sasa. Wakati mwingine tunacheka kitu pamoja, halafu nakumbuka, nainuka naenda chumba kingine. Klabu ilimfukuza. Kuna mtu alimtobolea matairi yote manne, naye akayabadilisha bila kusema kitu. Simu ya Merle ilichukuliwa na wapelelezi, ikarudishwa. Wakili wake alisema kuongea si kosa, na kumbe kwa sheria zetu alikuwa sahihi. Bado anasoma Maandiko kanisani. Mimi nimehama kanisa.

Mswada wa hakimu haukupigiwa kura hata moja. Uliwekwa kwenye kamati, ukafia humo kabla ya Agosti. Ule wa kuandikisha wagonjwa ulipita bunge la chini kwa kura nyingi, na sasa unasubiri la juu.

Oktoba, wiki tatu kabla ya uchaguzi, Bwana Rusk aliingia dukani na wapambe wake na mpiga picha. Alikuwa anapeana mikono na wateja, anawaambia Ashby Fork ni mji imara. Alipita juu ya vigae vipya bila kutazama chini. Akafika kwenye kaunta yangu, akanyoosha mkono juu ya kioo, anatabasamu. Hakunikumbuka. Niliona wazi kabisa kwamba hakunikumbuka.

"Chukua namba," nikasema.

"Samahani?"

"Mashine ya namba iko pale. Kuna foleni."

Wateja wakageuka. Mpiga picha akashusha kamera. Bwana Rusk akacheka kidogo, akachukua namba, kwa kuwa angefanya nini mbele ya wapiga kura? Alikuwa na themanini na nane. Nilikuwa nahudumia sabini na tisa. Nilikata kila kipande polepole kama nakata kwa ajili ya ikulu. Wapambe wake walitazama saa. Alipofika nilimuuliza anataka nini, akasema ratili moja ya nyama ya nguruwe ya kuokwa.

"Nyembamba au nene?"

"Nyembamba, tafadhali."

"Kliniki ya nyuma ya posta mtaifungua lini?"

Tabasamu likabaki pale pale, macho yakaondoka.

"Hilo tunalifanyia kazi, mama."

"Mnalifanyia kazi. Itzel Barrios alikuwa anasimama hapa." Nilimwonyesha, kushoto kwangu. "Hapa. Unamjua Itzel Barrios?"

Akawatazama wapambe wake. Nilimfungia nyama yake, nikabandika bei, nikaiweka juu ya kioo, nikaita themanini na tisa.